Lugha Ni ya Kuchumwa, Si ya Kuvunwa



Barua ya wiki hii, wasomaji wetu watukufu, imetoka mbali na bahari. Aliyeiandika ni mama mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kericho, katika nchi ya chai. Mumewe ni Mkipsigis, mtu wa Bomet, anayefanya kazi katika kiwanda cha majani chai, na Mwenyezi Mungu amewaruzuku watoto wawili. Nimepata idhini yake kuyafupisha aliyoyaandika, na jina lake nimelihifadhi.

Anasema kuwa huko juu mvua ni ya kila alasiri, baridi humweka ndani, na mume hutoka kabla jua halijachomoza. Ili wakati usimpotee bure, ameshika kujifunza lugha za kigeni peke yake, kwa simu na kwa vitabu vilivyokwisha kutumika. Alianza na Kiarabu kwa sababu alikuwa na msingi wa chuoni. Haukupita mwezi wa pili akaongeza Kituruki, kwa kupenda tamthilia zao. Kisha akaongeza Kifaransa, kwa kusikia kuwa anayekijua hakosi kazi. Sasa umetimia mwaka. "Shekhe wangu," anaandika, "lugha zote tatu nimesimama mlangoni, hapana hata moja niliyokaribishwa ndani. Huanza na moto, wiki ya tatu nikapoa. Je, ni akili yangu iliyo nzito, au ni nia yangu iliyo nyepesi?"

Kisha chini kabisa, kama atajaye jambo lisilohusu, anaeleza kuwa mavyaa wake huja kutoka Bomet kila mwezi kwa ajili ya kliniki ya presha, na hulala kwao siku mbili tatu. Bibi huyo hajui Kiswahili ila maneno ya kuhesabika. Mchana kutwa hukaa wawili jikoni, wakitazamana na kutabasamu, mpaka mtoto mkubwa arudi shule awafasirie. "Hayo mengine namwachia Mungu," amemalizia.

Nimeisoma barua hii mara tatu. Swali lake liko katikati, na sehemu kubwa ya jawabu lake iko katika ule mstari wa mwisho. Lakini tufike huko kwa hatua, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hili. Wako mabinti na akina mama wengi miongoni mwetu ambao simu zao zimejaa lugha tatu nne zilizoanzwa na kuachwa.

La kwanza, mwanangu, akili yako haina uzito wowote. Tatizo ni hesabu. Serikali ya Marekani inacho chuo cha Wizara yake ya Mambo ya Nje kinachowafundisha wanadiplomasia lugha za mataifa. Kwa uzoefu wa miaka mingi, chuo hicho hukadiria kuwa Mmarekani anahitaji kiasi cha saa 2,200 za darasani ili akimudu Kiarabu barabara. Kwa Kiswahili chetu hiki hukadiria saa 900 hivi, na kwa Kifaransa saa chache kuliko hizo. Hao ni watu wazima wanaolipwa mshahara kwa kusoma, wana walimu mbele yao, na hawana mtoto wa kuogesha wala sufuria motoni.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani kwako. Mama aliyejitahidi sana hupata nusu saa kwa siku. Kwa mwaka mzima hiyo ni kama saa 182. Ukiigawa kwa lugha tatu, kila moja imepata saa 60 tu. Kwa mwendo huo Kiarabu kingekutaka zaidi ya miaka 36. Basi ni ajabu gani moyo ukipoa wiki ya tatu? Moyo haukupoa kwa uvivu. Umeona kuwa unatembea na njia haipungui. Kipimo hicho ni cha wanadiplomasia, na wewe hutakiwi kufika walikofika wao. Wewe unataka kuelewa, kuzungumza na kusoma kwa haja zako. Hata hivyo hesabu inatufundisha jambo moja wazi: nusu saa haitoshi kulisha vinywa vitatu kwa pamoja.

La pili ni namna ya kufanya kazi yenyewe, na hapa mwalimu wako uko naye nje ya dirisha. Unaishi katikati ya mashamba ya chai. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanzishwa katika miaka ya 1920. Tangu hapo watu wa huko wamejua jambo ambalo mkulima wa mahindi halijui. Mahindi huvunwa: mtu hutoa jasho kwa msimu, akaingiza ghalani, akapumzika. Chai haivunwi hivyo. Chai huchumwa. Mche ukishatiwa ardhini husubiriwa kiasi cha miaka 3 kabla haujaanza kutoa cha maana. Baada ya hapo mchumaji huupitia kila baada ya siku 7 hadi 14, mwaka hata mwaka, na kila apitapo huchukua majani mawili na chipukizi lake, basi. Akichelewa, majani hukomaa na kuwa magumu, na kiwanda huyakataa. Akiwa na pupa akaukwangua mmea wote, huudhoofisha. Mmea unaotunzwa kwa mwendo huo huwalisha watoto na wajukuu.

Wengi wetu huiendea lugha kama waendao kuvuna mahindi. Mtu hujifungia Jumamosi nzima, akaandika maneno mia katika daftari, kisha asilifungue daftari lile mpaka mwezi uandame. Huko ni kuukwangua mmea. Kiasi kinachodumu ni kidogo na kina saa yake. Sisi tuliolelewa katika dini hatuhitaji kufundishwa hili na mgeni, kwani Mtume wetu (S.A.W.) ametujulisha kuwa amali ipendezayo zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache. Maneno matano kwa siku ni haba, lakini kwa mwaka ni 1,825. Hata ukiyasahau nusu yake, mkononi yamebaki yapatayo 900, na kwa maneno 900 mtu hukaa na jirani, akanunua sokoni, akaeleza ugonjwa wake kwa daktari. Haba na haba hujaza kibaba.

Kuhusu kusahau, nako kusikutishe. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha aliyoyaona: kwamba tulichohifadhi hutupotea kwa wingi katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi, na kila tukikirudia hukaa zaidi. Walimu wetu wa chuoni hawakumsoma Ebbinghaus, lakini walitwambia tudurusu ya jana kabla ya kupewa ya leo, na ya wiki kabla ya Alhamisi haijatoka. Basi nusu saa yako igawe hivyo hivyo: dakika 10 kudurusu yaliyopita, dakika 10 za somo jipya, na dakika 10 za kusema kwa sauti. Msomaji asiyefungua kinywa atajua kusoma vibao vya barabarani, lakini kuzungumza kutamshinda.

Na zipo siku ambazo hutaweza. Mtoto ataugua, utajifungua, utafiwa, mwezi mtukufu utaingia na shughuli zake. Huko Kericho mnaijua mvua ya mawe, maana ni nchi mojawapo inayopigwa sana na mvua hiyo. Kwa dakika chache huyachanachana majani ya shamba zima. Lakini hujamwona mkulima aking'oa miche kwa sababu ya mvua ya mawe. Husubiri, na baada ya wiki kadhaa machipukizi hurudi, kwa kuwa mizizi haikuguswa. Programu za simu zina tabia ya kumhesabia mtu siku alizosoma mfululizo, na siku moja ikikatika hesabu hurudi sifuri, naye akavunjika moyo na kuacha. Usiikubali hesabu hiyo. Uliyoyajua jana hayakufutwa kwa sababu leo ulikuwa hospitali na mtoto. Rudi tu, uanze kwa kudurusu.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni hilo uliloliita nia. Umeuliza kama nia yako ni nyepesi. Mimi nasema nia yako haijapata pa kushika. Lugha ni ya watu, na kila lugha uliyoichagua uliichagua bila mtu.

Tazama hapo hapo ulipo. Katika makazi ya wafanyakazi wa mashamba ya chai utamkuta Mkisii, Mjaluo, Mluhya na Mkipsigis, mlango kwa mlango, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha kazini. Mtoto anayekulia humo, kabla hajajua alifu kwa kijiti, huwa na lugha tatu, na hapana aliyemfundisha kwa kitabu. Alitaka kucheza, na wenzake walicheza kwa lugha zao. Haja ndiyo iliyomsomesha, na wenzake ndio waliokuwa kitabu chake. Anayejifunza peke yake hukosa vyote viwili, kwa hiyo hana budi kuvitafuta kwa makusudi.

Katika maswahaba yuko Zayd bin Thabit, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Mtume (S.A.W.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua zao. Katika mapokezi ya Tirmidhi, Zayd anaeleza kuwa haikupita nusu mwezi ila alikuwa ameyajua. Tunapoisimulia habari hii hustaajabia zile siku chache, tukasema: ama kweli vijana wa zamani! Lakini tuangalie pia jambo lililomsukuma. Ilikuwapo barua ya kusomwa, na alikuwapo aliyekuwa akiisubiri. Kila alichojifunza asubuhi kilikuwa na kazi jioni.

Na kwa kuwa wasomaji wengi wa safu hii ni akina mama, nitamtaja mwanamke wa pwani yetu. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Zama hizo watoto wa kike wa jumba lile walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baadaye akaondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, akaishi Hamburg, na mwaka 1870 mumewe akafa akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, kati ya watu asiowajua. Akakishika Kijerumani kwa sababu hakuwa na njia nyingine, akapata riziki kwa kufundisha Kiarabu, na mwaka 1886 kumbukumbu za maisha yake zikachapishwa kwa Kijerumani. Alibadili dini, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Hapa tunaiangalia kalamu yake tu. Mama wa watoto watatu, asiye na jamaa, aliweza, kwa kuwa kila neno alilojifunza alilihitaji kabla ya usiku.

Sasa tuurudie mstari wako wa mwisho, mwanangu. Umetafuta lugha Istanbul na Paris, na jikoni mwako amekaa mtu mwenye lugha nzima kifuani, hana wa kumpa. Ushauri wangu ni huu: lugha yako ya kwanza na iwe Kikipsigis.

Najua utaniambia kuwa hicho si kile ulichokiuliza; wewe ulitaka lugha za kigeni. Kwa mtu wa Mombasa, Kikipsigis ni kigeni hasa, pengine kuliko Kituruki. Wenzako wa Kisii wakisema *omonto* unasikia mtu, wakisema *amache* unasikia maji, kwa sababu lugha yao na yetu ni za ukoo mmoja wa Kibantu. Mkipsigis, jirani yao wa karibu, mtu kwake ni *chi*, watu ni *bik*, na maji ni *bek*. Huo ni ukoo mwingine kabisa, wa Kiniloti. Tena kupanda na kushuka kwa sauti hubadili kazi ya neno katika sentensi, jambo ambalo Kiswahili hakina. Kwa hiyo usidhani nakupa kazi nyepesi ya mama wa nyumbani. Mtu aliyeifungua lugha ya namna hiyo, hakuna lugha nyingine itakayomtisha baadaye.

Wala si lugha isiyo na wasomi. Taaitta Toweett, mwana wa nchi hiyo ya Wakipsigis aliyezaliwa mwaka 1925, alipata shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, kisha akawa Waziri wa Elimu. Mtu wa cheo hicho na Kiingereza hicho, alipotaka kuandika tasnifu ya udaktari, aliikamilisha mwaka 1977 juu ya isimu ya Kikalenjin, lugha ya mama yake. Baada ya kuzunguka kote huko, akaona kuwa lugha ya jikoni kwao inastahili kazi ya udaktari.

Namna ya kuanza ni hii. *Chamgei* bila shaka unaijua, na *kongoi* pia, maana hapana akaaye Kericho mwezi mmoja asijue kusalimu na kushukuru. Endelea kutoka hapo, na chumba cha darasa kiwe jiko. Mavyaa wako akija, shika kitu kimoja kimoja umwulize kwa macho: maziwa, ambayo kwao ni *chego*, maji, moto, chumvi, kibuyu cha *mursik*. Andika kwa herufi zetu kama ulivyosikia. Mwombe radhi umrekodi katika simu akilitamka kila neno mara mbili, ili wiki tatu asizokuwapo uwe naye sikioni. Kisha mtume mwanao akuulizie sentensi kumi za kliniki: unaumwa wapi, umelala vipi, umekula nini, dawa umekunywa lini, twende polepole. Zihifadhi kabla ya mwezi ujao, kama ulivyohifadhi sura fupi za Juzuu Amma.

Atacheka utakapokosea. Mwache acheke, nawe cheka naye. Kicheko hicho kitakuwa mazungumzo yenu ya kwanza yasiyopita kwa mtoto. Tena liangalie upande wake: mama mtu mzima aliyekuwa akikaa kwako kama mgeni bubu, ghafla amekuwa maalim, na mke wa mwanawe ni mwanafunzi wake. Heshima hiyo hapana zawadi ya dukani inayoifikia. Na wanao, ambao leo wamebebeshwa kazi ya ukalimani kabla ya umri wake, wataiweka chini. Si vizuri mtoto wa miaka tisa awe ndiye wa kumweleza mama yake kwamba *kogo* wake ana maumivu ya kifua usiku. Yako mambo bibi hatamwambia mkewe mwana kwa kinywa cha mjukuu, na huenda hayo ndiyo ambayo daktari anahitaji kuyajua.

Lugha ya pili na iwe Kiarabu, usikitupe. Msingi wake unao, na fadhila yake unaijua. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo ya pwani yetu, ameeleza katika Ar-Risala kuwa ni wajibu wa kila Mwislamu kujifunza Kiarabu kwa kadiri ya juhudi yake. Kadiri ya juhudi yako kwa sasa ni robo saa baada ya Alfajiri: aya chache unazozisoma kila siku katika swala, uzijue neno kwa neno. Huko nako yuko unayezungumza naye, mara tano kwa siku.

Nieleze kidogo hapa kwa ajili ya dada zetu wengine. Wako wanaotoka pwani, na wako wanaotoka hata Bomet na Kericho, kwenda nchi za Ghuba kwa kazi za nyumbani. Wengi hupanda ndege bila ya Kiarabu chochote ila salamu. Mzazi mwenye binti aliyekwisha kushika pasipoti asimwache aende hivyo. Miezi mitatu ya maneno matano kwa siku humpa mia nne na hamsini. Yaanze yale ya kumlinda: mshahara, mkataba, naumwa, sitaki, nipigie simu, ubalozi uko wapi. Na ajue kuwa Kiarabu cha vitabuni na cha nyumba za Ghuba hutofautiana. Ayasikilize yote mawili.

Kituruki, mwanangu, kifanye burudani ya usiku mmoja kwa wiki, bila daftari wala hesabu. Utastaajabu kuwa nacho baadhi ya maneno yake unayo, kwa sababu wao na sisi tulikopa mlango mmoja. Kitabu kwao ni *kitap*, saa ni *saat*, dunia ni *dünya*, habari ni *haber*, hesabu ni *hesap*, kalamu ni *kalem*. Fungua tamthilia yako, utafute ndugu hawa, ufurahi. Kifaransa kiweke kitaluni. Wakulima wa chai hawapeleki miche yote shambani siku moja. Hulea vipandikizi chini ya kivuli kwa miezi mingi mpaka nafasi ipatikane. Siku utakapoweza kukaa na mavyaa wako robo saa nzima bila ya kumwita mtoto, utajua nafasi imepatikana.

Na wale wanaojifunza kwa kutafuta riziki, jambo hilo ni jema, lakini nao waulize: nitazungumza na nani? Majani yanayochumwa Kericho hushuka mpaka kwetu Mombasa, ambako mnada wa chai unafanyika tangu mwaka 1969, na wanunuzi wake wakubwa ni Pakistan na Misri. Kijana wa Mombasa anayetamani kazi katika biashara hiyo, wateja wake wanajulikana, wanazungumza Kiurdu na Kiarabu. Tena Kiurdu si mbali naye: *kitab*, *dunya*, *waqt*, *dukan*, *rang*, *gari*, na chai yenyewe kwao ni *chai*. Neno hilo lilitoka China likapita kwa Waajemi mpaka likatufikia. Huyo akianza Kiurdu leo anajua mlango atakaobisha. Lakini anayejifunza lugha kwa kuwa imesifiwa tu, sifa ikipungua naye hupungua.

Basi wasomaji wetu, kwa kila nyumba nina kazi moja ya wiki hii. Kabla ya kuchagua lugha, chagueni mtu. Kaeni baada ya Isha, baba, mama na watoto, na kila mmoja ataje mtu mmoja anayemjua kwa uso, ambaye lugha imewatenga: jirani wa Kigiriama, muuza duka wa Kisomali, mama wa Kikamba anayeleta mboga, shangazi aliyezeekea Maskati akabaki na Kiarabu tu. Kila mmoja aende kwa mtu wake akaombe maneno matano, na kesho yake arudi na hayo matano aongezewe mengine. Baada ya mwezi niandikieni, mseme mmechuma nini.

Mwenyezi Mungu, aliyejaalia kuhitilafiana kwa ndimi zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake, atuwezeshe kufahamiana. Wabillahi tawfiq.